Saa Niliyotoka Nayo Nyumbani

Mkwajuni

Mjukuu wangu Atupele,

Bwana asifiwe. Hujambo, na kile kifua kimepona? Sisi wazima. Mama yako yuko kwenye mahindi, babu yako na magoti yake.

Umeuliza kama urudi nyumbani kutoka huko ugenini, kwa sababu ulikosea mbele ya wazazi wa wanafunzi wako nao wakanyamaza. Unadhani wamekudharau.

Nami ujanani nilikwenda Kitwe, Zambia, kufundisha kina mama wa kanisani kushona. Mji ule! Mwanamume mzima anachuchumaa na kupiga makofi taratibu akikusalimia, hata kama wewe ni binti tu. Siku ya kwanza nilifika saa mbili asubuhi kwa saa yangu ya mkononi, nikakaa peke yangu saa nzima. Walipoingia niliwafokea kwa Kibemba changu cha kuungaunga: "Uvivu huu Mungu haupendi!" Wakaomba radhi. Kesho yake niliwakuta wote, mmoja amesukwa nusu kichwa, mwingine na sufuria ya uji. Ikawa hivyo wiki nzima.

Jumapili nikakuta kanisa limefungwa. Mlinzi akacheka: "Mwalimu, saa ya Zambia iko nyuma ya kwenu kwa saa moja!"

Niliwaendea wale kina mama kwa aibu. "Mbona hamkuniambia?"

Mama mmoja akajibu, "Ulikuwa mgeni, tena umekasirika. Tukaona tukufuate huko huko kwenye saa yako."

Mpaka leo namshukuru Mungu kwa mji ule. Sijui wazazi wa huko wamenyamazia nini. Waulize kwanza, ndipo ufunge begi. Nijibu upesi, mwanangu.

Bibi yako