Shuka za Diani na Programu Yako Mvivu

Ukunda,
Jumatano, 14 Oktoba 1998

Mpendwa mdogo wangu Muange,

Juzi Jumatatu tumeipoteza ile hoteli kubwa tuliyokuwa tukiifulia. Naanza na hilo usije ukanisoma huku unacheka. Hujambo lakini? Kifua kimepona licha ya baridi ya huko? Sisi tu wazima. Mama yuko Msambweni kwa ndugu yetu Ndulu, magoti yanamsumbua ila jembe hajaliweka chini.

Jumamosi jioni programu yako ya kugawa shuka iliganda, gari liko mlangoni. Tukapakia kwa kukisia. Shuka za hoteli yenye alama ya uzi mwekundu zikaenda kwa hoteli ya uzi wa kijani, wageni wakakuta vitanda vitupu. Jumwa, mpiga pasi wangu, akaniuliza, "Dada Kathini, hiyo kompyuta inafua au inameza?"

Nilifuata maagizo yako, nikaiendesha na kile kipimo cha muda, nikaisoma ripoti yake. Asilimia 83 ya muda iko kwa "chapa", ile sehemu ya programu inayotoa orodha ya mizigo kwenye karatasi. Nikaizima, tukawa tunaisoma orodha kwenye skrini. Nikapima tena: "onyesha", sehemu ya skrini, 81! Mzigo ule ule, umehama kichwa tu.

Kumbe nilisoma safu ya gharama yake pamoja na ya wote aliowatuma, kama kumwandikia baba chakula cha boma zima. Katika safu ya gharama yake mwenyewe, "chapa" ana 2. Mwenye 76 ni "siku". Lakini "siku" ni ukurasa mzima uliouandika wewe, na ripoti haiingii ndani yake. Udobini Jumwa akichelewa, namtafuta aliyemletea shuka mbichi. Humu simwoni. Naona kumbukumbu ya mashine ikijaa tangu asubuhi, nami nimekaa mikono mapajani.

Ulijisifu kwamba Haskell, lugha uliyoiandikia programu hii, ni mvivu kwa makusudi, haijumlishi mpaka mtu aulize. Mimi hapa ndiye ninayelipia uvivu huo.

Kathini mdogo, wajina wangu, mtoto wa Ndolo, anakusalimu, Jumwa pia. Mungu akulinde ugenini.

Hoteli iliyobaki imenipa hadi Jumatatu adhuhuri niwe nimerekebisha mambo. Nijibu kwa faksi kabla ya saa nne asubuhi siku hiyo, bila somo: ndani ya "siku", je, shuka za kutwa zinarundikwa bila kujumlishwa, ndiyo au hapana? Na ni mstari gani niubadilishe?

Dada yako, anayekupenda hata leo,
Kathini