Nyuma ya Shuka Jeupe

Jumatatu, 4 Machi

Nimefika. Mgongo umekufa ganzi kwa safari, kamera salama, penseli zimevunjika ncha. Nimepata chumba kwa fundi cherehani, mjane, nyumba ya zamani yenye baraza na nguzo za mbao. Ukutani pamepigwa alama nyekundu ya kukata, kama jibu la mtihani lililokosewa. Mtaa mzima una alama hiyo. Barabara mpya itapita hapa. Ndiyo sababu nimekuja — kuzichora na kuzipiga picha nyumba hizi kabla hazijavunjwa. Hakuna aliyenituma.

Mama Fundi aliniuliza picha zitasaidia nini. Nikasema kumbukumbu. Akasema kumbukumbu anazo tele, anachotafuta ni paa. Nimempenda hapo hapo.

Jumanne, 5 Machi

Nimechora tangu asubuhi. Watu wanachungulia begani, kila mmoja msanii. Muuza mkaa amesema nyumba yake nimeitia chumvi, yeye haijui. Ni kweli. Ukuta uliopinda nimeunyoosha na nguzo ya umeme nimeiondoa. Ndivyo nifanyavyo kazi siku zote, kinachoharibu mstari nakiacha. Ila tarehe naiweka kwenye kila mchoro, pembeni chini. Hilo silikosei.

Mtaani wanasema wapimaji watakuja wiki ijayo kuhesabu kaya. Kila kaya itapewa kiwanja kingine. Hawaamini sana, lakini wanangoja.

Jumatano, 6 Machi

Leo nyumba ya Mama Fundi. Taabu tupu! Ubavuni kuna vyumba vya mabati anamoishi mdogo wake wa kiume, na mkewe, na mtoto wao mchanga. Mtaa unamwita Injinia, kwa utani. Kazi yake ni kutengeneza baiskeli, na vyumba hivyo kavijenga mwenyewe. Mabati yanalirudisha jua moja kwa moja kwenye lenzi. Nimezunguka weee — yamo tu.

Mwishowe nilimwomba Injinia aondoe baiskeli, beseni na nguo za kambani. Kisha ashike shuka jeupe mbele ya mabati ili mwanga utulie. Akasimama nyuma yake, amelinyoosha, anacheka, ananiuliza akipiga chafya itakuwaje. Pichani vinaonekana vidole vyake tu, juu ya shuka.

Mara moja upepo ulilipeperusha. Injinia mdomo wazi, mkewe mlangoni na mtoto, masufuria chini, mabati yanawaka. Picha imeharibika. Nimeifuta pale pale.

Zilizobaki ni safi. Mchoro nao umetoka vizuri kuliko wowote wa mwaka huu — nyumba peke yake, ukuta wa ubavuni mweupe, hakuna takataka. Picha moja nimeichapisha kubwa kwenye studio ya picha ya jirani nikampa Mama Fundi. Ameitundika juu ya cherehani na hakunitania hata kidogo.

Ijumaa, 8 Machi

Katapila.

Wiki ijayo ndiyo tuliyoambiwa! Limekuja watu hawajanawa uso. Limeanzia ubavuni, kwenye mabati. Wifi yake Mama Fundi alitoka na mtoto na blanketi, basi. Injinia alikuwa ndani anavuta sanduku la spana, dereva anapiga honi kama aliyezibiwa njia. Nilisimama na kamera shingoni. Sikupiga hata moja.

Mchana hata nyumba kubwa ilikuwa chini. Lori likazoa kila kitu, mabati na yote. Uwanja umebaki mtupu kana kwamba hapakuwahi kuchemshwa hata chai. Muuza mkaa ametupa nafasi kwenye ghala lake la mtaa wa pili. Kila mtu anakohoa.

Jumamosi, 9 Machi

Ofisi ya barabara. Karani ametueleza kwa upole, na upole wake ndio uliniudhi: waliovunjiwa kabla ya kuhesabiwa walete ushahidi. Maneno ya majirani hayatoshi, kwa sababu majirani wote wanashuhudiana. Picha ndiyo bora.

Mama Fundi akasema picha tunayo. Alikuwa ameiokoa, ameifunga kwenye lile lile shuka. Aliifungua kwa maringo, kama anayemfunua bibi harusi. Karani akaisifu, akaniambia, dada, hii ni kazi safi. Nikavimba kichwa — aibu yangu!

Kisha akaandika kaya moja.

Mama Fundi akauliza, na mdogo wangu? Karani akaigeuza picha upande huu na huu. Anaona nyumba, anaona uwanja umefagiliwa, anaona shuka limeanikwa. Injinia akasogea, akaweka kidole kwenye picha. Akasema, hivi ni vidole vyangu, bwana mkubwa, nyumba yangu iko hapa nyuma. Karani hakucheka. Akasema vidole si nyumba. Tukiwa na kingine turudi Jumanne, halafu orodha inafungwa.

Njiani walinitangulia hatua kadhaa. Nilitamani wanitukane.

Jumapili, 10 Machi

Nimepitia picha zote za Jumatano. Safi, safi, safi. Nimezichukia.

Mchana nikapiga moyo konde nikamwambia Injinia kuhusu ile niliyoifuta. Alikuwa anakaza spoku za baiskeli ya mtu. Aliendelea kukaza. Baadaye akauliza kama mtoto alitoka vizuri. Nikamwambia alikuwa ameangalia kamera moja kwa moja. Akasema hawana picha yake hata moja.

Nilitoka nje nikalia nyuma ya magunia ya mkaa, na hiyo haisaidii mtu.

Jumatatu, 11 Machi

Mkewe ndiye aliyesema. Chora basi, wewe si ulikuwepo?

Nimekaa na penseli na sijui dirisha lilikuwa wapi. Mimi! Asubuhi nzima niliyaangalia mabati yale, lakini niliangalia namna ya kuyakwepa. Injinia anasema dirisha lilikuwa moja. Mkewe anasema mawili, la pili alilikata yeye Injinia mwenyewe kwa mkasi wa bati mtoto alipozaliwa, apate hewa. Injinia akasema kweli, alisahau. Mama Fundi alikuwa anapima hewani kwa utepe wake wa cherehani, anamuuliza Injinia, mlango ulifika hapa, marehemu shemeji yako aliinama kuingia, sivyo? Nikafuta, nikachora, nikafuta.

Jioni Injinia akaniomba nimchore na yeye, mlangoni, wajue palikuwa na mtu. Nimemchora. Nimemwambia aweke mikono chini.

Jumanne, 12 Machi

Benchi la ofisi. Naandika juu ya goti.

Karani ametuma neno kwamba karatasi moja haitoshi, anataka kuona kitabu chote cha michoro, akihakikishe. Yote ina tarehe. Mchoro wa jana hauna, sikujua niandike ipi. Mkewe Injinia ameshaona, ananong'ona niandike ya Jumatano. Mama Fundi anatazama mbele kama hasikii. Mtoto analia, Injinia anamtembeza mpaka dirishani na kurudi.

Nikiandika Jumatano, ukurasa unaoutangulia ndio ule wenyewe wa Jumatano. Nyumba ile ile, pembe ile ile, ukuta mtupu. Tarehe kwa mwandiko wangu. Hata kipofu ataniuliza upi ni wa kweli. Na wa kweli hauna tarehe, na wenye tarehe ni uongo, na yote miwili nimeichora mimi.

Nimeushika ule mzuri wa Jumatano pembeni, niuchane. Karatasi ni nene, itasikika.

Mlango umefunguliwa kabla sijauchana. Karani anauliza msanii ni nani. Injinia, mtoto begani, ameninyooshea kidole.