Mtaro Juu ya Nyumba ya Shangazi

Jumatano, 4 Machi

Tumemaliza! Hatua sitini na mbili za mtaro, kutoka kwenye jiwe kubwa mpaka mteremkoni juu ya nyumba ya Shangazi. Siku tisa za jembe. Mikono haitaki hata kushika kalamu.

Mwalimu wa kozi ya kilimo cha kudumu alipita asubuhi, akaangalia kwa macho, akasema kazi safi, kisha akaondoka kwenda kufundisha kikundi cha ng'ambo ya mto. Atakaa huko wiki mbili. Kikundi chetu kikanipigia makofi — mimi! Kwa kuwa ndimi niliyetengeneza ile fremu ya A, miti mitatu na uzi wenye jiwe wa kupimia usawa, na kupigilia vigingi. Hata Hapana alipiga. Huyu ni fundi cherehani, tumempa jina la Hapana kwa sababu ndilo jibu lake kwa kila hoja mkutanoni.

Shangazi alitangaza kwamba sasa mvua ije na ndugu zake wote, maji yatatulia mtaroni na kuzama ardhini taratibu. Jumapili wananikabidhi rasmi uongozi wa mteremko.

Ijumaa, 6 Machi

Nimekosea.

Sijui niandikeje. Mchana nilikuwa napima mtaro wa pili. Nikaishika fremu kinyume, mguu wa kushoto ukawa kulia. Uzi wenye jiwe ukaangukia pengine! Kidole kizima mbali na alama yangu. Nikageuza, ukarudi. Nikageuza tena.

Nimefungua daftari la kozi. Imo, kwa mwandiko wangu mwenyewe: weka alama uzi unapoangukia, geuza fremu, weka alama ya pili, usawa uko katikati ya hizo mbili. Nimeipigia na mstari! Na mimi niliweka alama moja tu. Watu walikuwa wamesimama na majembe wananisubiri, nami nilitaka nionekane najua.

Kosa dogo kila nilipoihamisha fremu, na nimeihamisha mara thelathini na moja. Mtaro unateremka. Unateremkia kwa Shangazi. Maji hayatatulia popote, yatakimbilia pale mwisho, yatajaa, yatapasua tuta la udongo tulioutoa mtaroni. Na chini ya tuta ndio ukuta wake wa nyuma, matofali mabichi aliyofyatua na marehemu mumewe.

Nimetoka nje mara tatu kutazama mawingu.

Jumamosi, 7 Machi

Mbingu safi, Mungu mkubwa.

Dawa ipo: vizuizi vya udongo ndani ya mtaro, kila hatua tano, maji yasipate mbio. Vizuizi kumi na viwili. Nimekwenda peke yangu kulipopambazuka, nikashindilia viwili, mgongo ukagoma. Hapana akapita akielekea kazini. Akauliza nafanya nini. Nikamwambia narembesha. Narembesha! Akanitazama, akautazama mtaro, akaenda zake.

Watu ishirini wangemaliza kabla ya chai ya saa nne. Lakini ili niwapate hao ishirini lazima niseme kwa nini. Na kesho ndiyo makabidhiano.

Jumapili, 8 Machi

Sikusema.

Nilijiandaa tangu asubuhi, nimesimama mbele ya kioo na maneno yangu yote. Nikafika, nikamkuta Shangazi ameniletea kamba mpya ya kupimia. Yeye ndiye anayetufundisha kusokota kamba za magome, na hii kaisokota siku nne na vidole vyake vile vilivyovimba. Akawaambia watu, huyu nimemlea mimi, alikuwa akiogopa hata kuku, leo anatuongoza. Wakacheka. Nikacheka. Nikafungua mdomo — nikasema asanteni. Halafu nikaingia habari za kumwagilia miche!

Hapana peke yake aliuliza, ule udongo ulioshindiliwa ndani ya mtaro ni wa nini. Wakamzomea, eti hata leo hakosi neno. Ningeweza kumtetea. Nikatazama viatu vyangu.

Kwenye somo la uongozi tulifundishwa kusikiliza, kugawa kazi, kupatanisha waliogombana. Kusema nimekosea sikumbuki kama kulikuwemo. Labda siku hiyo nilikuwa nawaza makofi.

Jumatatu, 9 Machi

Mawingu upande wa mlimani. Kizuizi cha tatu, cha nne. Nimempigia Mwalimu mara sita, hapatikani.

Jumanne, 10 Machi

Nimemwomba Shangazi aje akae kwangu siku chache. Nimesema nina upweke. Akaniangalia sana, akauliza kama nina mimba. Nikakataa. Akasema basi njoo wewe kwangu, goti langu haliwezi kupanda kilima chako.

Ningemwambia palepale. Alikuwa ameshika brashi, anapaka chokaa ukuta wa nyuma, uleule. Anataka upendeze, maana mvua ikianza kuna wageni. Wageni gani? Akasema nitawaona.

Jumatano, 11 Machi

Saa tisa alasiri. Inanyesha.

Niko chumbani kwa Shangazi, nimewaambia naingia kutafuta koti. Wamejaa kwenye kibaraza cha nyuma, kikundi kizima! Amewaalika waje waone maji ya kwanza yakitulia. Watu kumi na tisa na watoto wachanga wawili. Viti vimepangwa sambamba na ukuta mweupe, wote wanalitazama tuta. Wanakunywa chai. Wanacheka.

Nimeona kabla sijaingia. Upande wa jiwe mtaro ni mtupu, tope tu. Upande wetu maji yamefika nusu ya tuta na yanazunguka. Vizuizi vyangu vinne vimekwisha kuyeyuka. Shangazi anapiga makofi: yanajaa, yanajaa!

Kwa nini naandika? Kwa sababu nikiacha itabidi nitoke.

Hapana amesimama mlangoni, ameloa, jembe begani. Kaniuliza kwa sauti ya chini, ule mtaro umelala upande, siyo? Nimesema ndiyo. Mtu wa kwanza kumwambia! Nikamwomba awatoe yeye, haraka. Akatikisa kichwa. Akasema, mimi nikiwaambia watoke, watasema ni Hapana yuleyule. Wewe ndiye wanayekusikia. Halafu akaingia mvuani, anapanda kuelekea mtaroni peke yake.

Shangazi anaita. Kiongozi, njoo utueleze, hapo yanatulia au bado yanapanda? Wote wananisubiri.

Neno la kwanza ninalo: tokeni. La pili sijui.