Mashine ilisema si yeye

Jumamosi, mchana. Upepo unavuma tangu asubuhi, vumbi limeingia mpaka kwenye kopo la sukari.

Hili sijamwambia mtu yeyote, hata padri. Video ilikuwepo. Niliifuta mimi.

Blogu hii haina jina langu na wasomaji wake hawafiki kumi na mbili, nusu yao nadhani ni roboti. Kwa hiyo naandika.

Mwaka huu Baba alifunga kamera nne hapa nyumbani, zile ambazo haziongei na kitu chochote isipokuwa app ya kampuni yao wenyewe. Simu yake ikawa inalia kutwa. Kuku wa jirani akipita, inalia. Upepo ukitikisa shuka kwenye kamba, inalia, na Dodoma upepo haupumziki. Baba yuko kwenye kikao ofisini, simu inamwambia kuna mtu uani, anafungua kwa haraka, anakuta shuka.

Nikamwambia naweza kurekebisha. Nilimwambia kwa meseji ingawa tulikuwa nyumba moja, kwa sababu nikiongea mbele ya Baba viganja vinalowa.

Nilisoma wiki mbili za likizo, kwa Kiingereza cha watu nisiowajua, mpaka nikajua wanavyozifungua kamera kama zetu. Unaweka programu yao kwenye kadi ya kumbukumbu, unaichomeka, unawasha, unasubiri. Aliyenishikia ngazi ni dada Zuhura, dada wetu wa kazi, mwenyeji wa Kondoa. Taa ya kamera ilikaa nyekundu dakika nne, nikajua nimeiua.

"Bi Kimya," akaniambia kutoka chini, "ikifa sema nimeiangusha mimi. Wewe ukianza kujitetea tutakesha hapa."

Haikufa. Kuanzia siku ile picha zikawa zinakuja kwenye laptop ya zamani ya Baba, ndani ya programu ya bure inayotambua sura. Unaifundisha kwa picha. Nikampiga picha kila mtu: Baba, Mama, mdogo wangu Kelvin, mimi. Dada Zuhura nilimpiga jikoni, kichwa wazi, nywele zimesukwa, anacheka. Baba akaanza kupata ujumbe wa maana. "Mama, getini." "Kelvin, uani." Na kwa yeyote ambaye mashine haimfahamu: "Mtu asiyejulikana." Maneno hayo niliyatunga mimi.

Jumapili Baba alinisifu nje ya kanisa, mbele ya watu. Akasema huyu binti ni injinia. Nina miaka kumi na sita na sikumbuki siku nyingine aliyonitaja bila kuuliza matokeo.

Jumatano, saa saba mchana: "Mtu asiyejulikana, uani." Alhamisi, saa saba, tena. Ijumaa, tena. Kwenye picha ni mwanamke amejifunika nguo nyeupe tangu kichwani, ameinama, anaingia stoo ya nyuma. Kamera iko juu, uso hauonekani vizuri.

Nilimjua palepale.

Dada Zuhura alikuwa anatawadha kwenye bomba la uani, anavaa nguo yake ya kuswalia, anaingia stoo kuswali katikati ya magunia ya mahindi. Hakuna aliyewahi kumpa mahali pa kuswalia na yeye hakuomba. Mimi nilikuwa namwona kila likizo. Mashine ilimjua dada Zuhura wa jikoni tu, kwa sababu huyo ndiye niliyeifundisha.

Ijumaa jioni Baba akamwita sebuleni. Akamuuliza ni nani huyu anayemwingiza stoo kila mchana sisi wengine tusipoangalia. Mama alishaanza kukumbuka mchele unavyoisha haraka siku hizi. Dada Zuhura akaitazama ile picha, akacheka kidogo, kama mtu aliyeonyeshwa picha yake ya utotoni.

"Ni mimi, baba. Naenda kuswali."

"Wewe mashine inakujua," Baba akasema. "Huyu haimjui."

"Nguo si ninayo, baba, nikaivae uone?"

"Hata mgeni wako anaweza kuivaa."

Halafu akanigeukia mimi, kwa sauti ileile ya nje ya kanisa. Akauliza kama mashine inaweza kukosea. Akauliza kama kuna video, tuione toka mwanzo.

Laptop ilikuwa mapajani kwangu. Video ilikuwa fupi. Dada Zuhura anatoka jikoni kichwa wazi, anatawadha, anavuta nguo nyeupe kwenye kamba, anaivaa, anaingia stoo. Mtoto wa chekechea angeelewa.

Nikasema haikosei. Nikasema video zinajifuta zenyewe. Wakati nasema hivyo kidole changu kilikuwa kinaifuta.

Nimejiuliza sana kwa nini. Sikumchukia. Ningekuwa namchukia ningejielewa. Nilitaka tu kuendelea kuwa injinia mpaka Jumapili.

Mama akamwambia alete begi. Akalipekua juu ya zulia, nguo moja moja, mpaka za ndani, Kelvin akiwa amekaa palepale anaangalia katuni. Hakukuta kitu cha kwetu. Haikusaidia.

Asubuhi yake dada Zuhura aliondoka kwenda kupanda basi la Kondoa. Alikuwa amejitanda mtandio mweusi. Pale getini alimwamkia Baba shikamoo, kama kila siku, na Baba akaitikia marahaba. Mimi hakuniaga. Aliniangalia tu, muda mrefu kidogo, kama anayesubiri nimalizie sentensi.

Alipopita tu getini, simu ya Baba ikalia mkononi mwake. Nilikuwa karibu, nikasoma.

"Mtu asiyejulikana, getini."

Kwenye picha alikuwa yeye, mtandio, begi, na nyuma yake mkono wa Baba ukiwa umeshika mlango wa geti.

Baba akaitazama picha. Akamtazama dada Zuhura, ambaye hakuwa amefika hata kwenye kona. Angeitwa kwa sauti ya kawaida angesikia. Akanitazama mimi. Akatia simu mfukoni.

"Funga geti," akasema.

Nikafunga.

Jumanne Mama alinituma soko la Majengo kununua karanga. Mama mmoja muuza nafaka pale ndiye aliyemleta dada Zuhura kwetu, wametoka kijiji kimoja. Akaniita pembeni ya magunia. Akaniambia alikuwa amempatia nyumba nyingine ya kufanya kazi, wenye nyumba wakampigia Mama kuuliza tabia yake, wakaghairi. Na habari imeshafika Kondoa, kwa mama yake mzazi, kwamba Zuhura anaingiza watu kwenye nyumba za watu.

"Mwanangu, wewe unashinda nyumbani," akasema. "Kweli alifanya hivyo?"

Nikasema sijui. Halafu nikamwamkia shikamoo kwa mara ya pili, nikaondoka bila karanga.

Wiki nzima nimekuwa nikiandika meseji ya kumwambia Baba ukweli. Naandika, nafuta. Nilikuwa naamini kinachokosekana ili dada Zuhura arudi ni neno langu tu.

Leo asubuhi amefika dada mpya kutoka Haneti. Amenizidi labda miaka miwili, na bado anapiga goti akisalimia. Baba alikuwa anakoroga chai.

"Huyu mpige picha na kitambaa kichwani pia," akaniambia. "Pande zote."

Kijiko kiliendelea kuzunguka.

"Baba, kwa hiyo dada Zuhura..."

"Nimesema huyu."

Akaniwekea chapati nyingine kwenye sahani. Akaniambia nile, nimekonda.

Mama alikuwa anamfuta Kelvin mdomo. Hakuinua kichwa.

Namba ya yule mama wa Majengo nimeinakili kutoka kwenye simu ya Mama. Ningempigia sasa hivi, maneno mawili yanatosha: alikuwa anaswali. Tangu saa nne nimeibonyeza mara tatu na kukata kabla haijaita.

Ndala zinakuja koridoni. Ni dada mpya, Baba kamtuma aje apigwe picha. Nafungua notisi za Biology juu ya ukurasa huu ili asiuone. Ataniuliza picha ni za nini, maana mtu yeyote angeuliza.

Je, nitamwambia?

Najijua. Nitamwambia asogee dirishani, ageuke kidogo kushoto.