Jina la Baba Kwenye Tovuti ya Zafarani

Tanja, tarehe 4 Oktoba. Ni mwaka mmoja na miezi minne tangu nilipopanda basi pale Taliwin, wewe ukakimbia nyuma yake na mikate uliyosahau kunipa.

Dada yangu Ijja,

Pokea salamu za mtu aliyechoka mwili lakini moyo wake uko mzima. Goti la Mama linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyompelekea anaipaka, au ameifungia kabatini akingoja wageni? Mimea ya zafarani imeanza kuchomoza? Mimi ni mzima, nashukuru. Bado tunajenga ghala hapa bandarini, na upepo wa Tanja unatujaza saruji mpaka kwenye meno. Mikono yangu imekuwa kama magome ya mti. Ukiniona nimeshika glasi ya chai utadhani nimeshika koleo.

Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu simu yako hukaa jikoni ikipaza sauti, na kila anayepita huchangia neno. Haya ninayotaka kukuambia yasome kwanza peke yako.

Uliponiambia kuwa jina la tovuti yetu litaisha muda wake tarehe ishirini na tano mwezi huu, nilidhani unatania. Mimi nilijua jina ukishalinunua ni lako, kama punda. Ukanieleza kwamba ni kama kodi ya duka. Usipolipa mwaka, anakuja mwingine analichukua, na wale wateja wako wa mbali, waliokuzoea kwa jina hilo, watabisha hodi na kumkuta mgeni ndani. Tena mavuno yanaanza mwisho wa mwezi huu huu. Hapo nikaelewa kwa nini ulikuwa hulali.

Kumbe shida haikuwa bei peke yake. Kampuni iliyotusajilia jina imepandisha malipo, sawa, lakini kubwa ni kwamba haikukujibu wewe wala haikunijibu mimi, kwa kuwa kwao mwenye jina ni Baba. Unakumbuka yule kijana wa Agadir aliyetutengenezea tovuti alipouliza jina liandikwe la nani? Kaka Lahsen alijibu hata hajamaliza kukaa, andika la mzee. Hakuna kati yetu aliyeshangaa. Shamba ni la mzee, kisima ni cha mzee, mita ya umeme ni ya mzee, na mzee yuko makaburini tangu mwaka ule wa ukame. Kwetu jina la marehemu huachwa juu ya mali ili asipatikane mmoja wa kuambiwa kwamba amekula haki ya wenzake. Yule kijana akamfungulia Baba anwani ya barua pepe, kisha akahamia Ufaransa pamoja na neno la siri. Miaka ya mwanzo alikuwa ameilipia kwa mkupuo, na sasa inakwisha, basi kampuni inamwandikia Baba, Mungu amrehemu, kumkumbusha alipe.

Niliwaeleza wenzangu wakati wa chakula cha mchana. Bushta, mpiga plasta mmoja mtu mzima kutoka Wazan, alicheka mpaka supu ya maharage ikampalia. Akasema, “Nyie watu wa kusini, watu wa Sus, mnaweza kuuza hata kivuli cha ukuta, leo jina limewashinda?” Lakini alipomaliza kucheka akanipa la maana. Yeye alimnunulia binti yake jina la tovuti ya kukodisha nguo za harusi. Mwaka wa kwanza alilipa bei ya glasi ya kahawa, akajiona mjanja. Mwaka wa pili wakamdai karibu bei ya kondoo. Akaniambia, “Usiulize bei ya kuingia, Bihi. Uliza bei ya kukaa. Na uliza kama mlango wa kutokea una kufuli.”

Nikafanya hivyo. Niliandikia kampuni tatu maneno yaleyale. Mwaka wa pili ni kiasi gani, nikitaka kuhama mtaniachia jina langu bila vita, na tufanye nini ikiwa mwenye jina amekufa? Ya kwanza haikujibu mpaka leo. Ya pili ilijibu kabla sijaweka simu mfukoni, na ilijibu mashine, “Mpendwa Marehemu Moh, hongera!” Ikampa Baba punguzo akilipia miaka kumi kwa mkupuo. Bushta akanisihi nichukue, eti huko aliko mzee miaka kumi si kitu.

Ya tatu ni kampuni ndogo ya Rabat. Hao hawakuandika, walipiga simu. Mama mmoja aitwaye Saloua kwanza alinipa pole ya msiba na kumwombea Baba, ndipo akataja biashara. Bei ya mwaka wa pili ni ileile ya kwanza, na ni chini ya tunayodaiwa sasa. Kuhama ni ruhusa siku yoyote. Akaniambia hata kasoro yao, kwamba Ijumaa mchana nisipige, watu wamekwenda kula kuskusi na hakuna atakayepokea. Nikasema moyoni, anayekutajia kasoro yake kabla hujamlipa ndiye wa kufanya naye kazi.

Lakini akanipa mtihani. Ili waitake kampuni ya zamani iliachie jina, alihitaji cheti cha kifo, hati ya warithi, na saini za warithi wengine wote kumwachia mmoja wao. Nikamwuliza kama haiwezekani kuandika tu warithi wa Moh. Akacheka kwa upole. “Inawezekana, mwanangu, ila kila likitokea jambo utazitafuta saini zenu kama mbuzi mlimani. Nipe mtu mmoja aliye hai, anayesoma barua pepe zake.”

Nikampigia Kaka Lahsen. Nakueleza ilivyokuwa, sipambi maneno. Alisema hilo si la kuuliza, yeye ndiye mkubwa, jina likitoka kwa Baba linaingia kwake. Nikamwuliza kama anajua wateja wanaandika kwa lugha gani. Akasema zafarani haioti kwenye simu, inaota shambani kwake. Nikamjibu shambani kwa Baba. Tukapandishiana sauti. Mwishowe akalitoa lililokuwa likimkaa kooni, “Na Ijja akiolewa je? Jina liende kwa wakwe?”

Sikujua kwamba simu yake nayo inapaza sauti, na Mama yuko hapohapo anakanda unga. Nikasikia sauti yake. “Lahsen, jina la mume wangu mmeliacha shambani miaka yote hii mkiita heshima. Mnaogopana tu. Tovuti mwandikeni anayetangulia jua kwenda kuchuma. Akiolewa, nyie mtanunua kwake kama wateja wengine.”

Kaka akakata simu. Kesho yake, ile siku uliyokwenda sokoni, alimchukua Mama kwa gari mpaka Taliwin, Mama akaweka dole gumba, yeye akatia saini, nami nikatia yangu huku Tanja. Jioni akanipigia, akaniomba nisikuambie kwamba alikataa. Nimekuambia ili ujue amekubali kwa kushindana na nafsi yake. Usimcheke, Ijja. Mpe chai nzuri, basi.

Ndiyo kusema, dada yangu, jina ni lako. Si la Baba, si la warithi, si la Lahsen, wala si langu ingawa kadi iliyolipa ni yangu. Kampuni ya zamani imeshaliachia. Kimebaki kibali chako tu. Ukisoma barua hii mpigie Bi Saloua, namba yake nimeiandika nyuma ya bahasha. Atakutumia ujumbe kwenye barua pepe yako mwenyewe, na ndani utakuta jina lako kamili kama lilivyo kwenye kitambulisho, mahali pa mmiliki. Bonyeza mwenyewe. Usimwite mtoto wa Lahsen akubonyezee, na usingoje mtu akupe ruhusa. Nyumbani kwetu hakijawahi kuandikwa kitu kwa jina la mtu anayepumua. Hiki ndicho cha kwanza.

Mbusu Mama kichwani kwa ajili yangu. Msalimie Kaka, mwambie namheshimu, na watoto wake wote. Bushta anakusalimu pia, anataka zafarani ya bei ya kirafiki, usimsikilize.

Kazi ya ghala inakwisha tarehe ishirini na nane. Siku hiyohiyo napanda basi, tarehe thelathini niko mlangoni kwako. Maua yakifunguka, mimi ni kibarua wako, na mshahara tutaelewana.

Mdogo wako,
Bihi