Pacha wangu kasimama katikati ya mji wa plastiki

Mpendwa Shangazi Dédé,

Jambo hili sijamwambia mtu yeyote, si mama, si padri, wala Mawusé ninayekaa naye dawati moja, na wewe nakuandikia huko gazetini kwa sababu hunijui sura na hutanitazama nikiwa nasema: yule pacha wa mti aliyesimama kwenye mji mdogo wa plastiki pale ukumbi wa maonyesho, ambaye nusu ya Lomé wameshakwenda kumtazama na kumwachia pipi, hakufika pale kwa miguu yake, nilimweka mimi, na sasa naomba unisaidie maana nimeshindwa kumtoa na nimeshindwa kusema.

Naitwa Akouélé na yeye ni Akoko. Akoko alifariki hata meno ya utoto hatujang'oa, mama akamchongea mti kama inavyotakiwa kwetu pacha akifa, urefu wake kiganja na vidole, akawa anamwogesha na kumpaka mafuta na kumshonea nguo kila anaponishonea mimi, kitambaa kilekile, maana mama ni fundi cherehani na hata sare yangu ya kaki ikibakiza kipande, Akoko anapata sketi. Nikipata kitu naye apate, nikienda kuona jambo jipya naye nimpeleke alione, la sivyo atanuna, na pacha akinuna nyumba haikaliki. Ndiyo maana siku walipoonyesha majengo mapya ya katikati ya mji nilimchomeka kiunoni ndani ya kitenge nikaenda naye.

Nadhani umeuona ule mji, Shangazi. Umetandazwa juu ya meza kubwa, mtaa wetu wote wa nyuma ya soko kuu, ila si mtaa wetu tena, kuna mnara wa kioo, maegesho ya magari, miti ya sifongo, na watu wadogo weupe wasio na nyuso wametawanywa kama mbegu. Ukumbi ulijaa hadi milangoni. Mama Kayi, jirani yetu anayeuza samaki wa moshi, aliinama akawatazama wale watu mmoja mmoja, kisha akamgeukia Bwana Amouzou, msemaji wa kampuni inayotaka kujenga.

"Hawa weupe ni akina nani, baba?"

"Ni wakazi, mama. Ni plastiki tu."

"Wakazi! Jamani njooni mnione nilivyokuwa mweupe! Na kiuno nimepata!"

Watu wakacheka, lakini si wote. Kijana mmoja alikuwa akimwonyesha mwenzake, "Ona, duka langu la simu litakuwa hapo chini ya mnara," na mwenzake akamjibu, "Wewe? Hapo hata kupita utavuliwa ndara mlangoni." Bibi mmoja alikuwa anauliza kisima kimekwenda wapi, anauliza tu, hakuna anayemjibu. Bwana Amouzou akapiga makofi akasema tutulie, kila mtu amepangiwa nafasi yake humu.

Nikaitafuta nafasi yetu. Nilifuata kwa kidole kuanzia kanisani, nikapita kwa Mama Kayi, nikafika uani kwetu, na pale palikuwa na njia ya magari ya kushukia chini ya ardhi. Pale, Shangazi, chini ya ukuta, ndipo mama alipozika vile vyungu vyetu viwili vyenye kondo zetu tulipozaliwa. Nilitaka kuuliza sisi tumepangiwa wapi, lakini sauti yangu mbele za watu hainitoki, hata darasani nikiitwa jina natikisa kichwa. Basi nikamtoa Akoko kiunoni nikamsimamisha palepale uani kwetu, kidogo tu aone, akawa mrefu kuliko maghorofa, na kabla sijamchukua mtu akapiga kelele, "Pacha! Pacha huyo!" watu wakaruka nyuma wakanisukuma hadi ukutani.

"Nani kamweka?" Bwana Amouzou aliuliza.

Maneno yalikuwa mawili tu, ni wangu. Mdomo ulifunguka, sauti haikuja.

"Essozimna, ondoa hicho kitu," alimwambia mlinzi.

"Bosi, mimi niliajiriwa kulinda mlango."

"Ni kipande cha mti!"

"Basi kitoe wewe, bosi. Mikono si unayo?"

Bwana Amouzou akaitia mikono yake mfukoni. Jioni ile mji wote wa mezani ukafunikwa sanduku la kioo lenye kufuli.

Nyumbani mama alikuta rafu ya Akoko tupu akaniuliza, nikasema sijui. Sijui, Shangazi, hilo ndilo neno nililolisema. Kisha Mama Kayi akaja anahema na habari kwamba Akoko katoka mwenyewe kwenda kukalia mahali pake, na mama akaweka paji la uso juu ya cherehani akalia akisema, "Kaondoka kwa sababu nimemcheleweshea nguo ya Pasaka." Nilikuwa nimekaa karibu naye namenya vitunguu. Niliendelea kumenya.

Tangu hapo mtaa umebadilika. Waliokuwa wameanza kufunga mizigo wameifungua, na Mzee Folly, mkuu wa kamati ya wakazi, anasema ardhi imeshakaliwa na aliye mkubwa kuliko sisi sote, nani atamhamisha. Lakini mimi nilirudi kule ukumbini. Akoko nilimsimamisha akitazama mnara, nina hakika kwa sababu nilitaka auone, na nilipomkuta alikuwa amegeuka anatazama mlango. Na wale watu weupe waliokuwa karibu naye walikuwa wamelala chali, walio mbali bado wamesimama. Nilimuuliza mlinzi kama kioo kimefunguliwa.

"Hakijaguswa. Kwani unamjua huyo, binti?"

Nikatikisa kichwa. Akoko alikuwa ananitazama.

Nilirudi tena wiki iliyofuata, safari hii meza ilikuwa imevalishwa marinda ya buluu hadi sakafuni, kazi ya mama, maana kampuni ilimpa tenda na mama anasema njaa haina hasira, na watu walikuwa wachache, wananong'ona kama walio msibani. Nikasogea. Palikuwa na wawili. Wa pili kimo kilekile, bega kwa bega na Akoko, kavaa sketi ya kaki, kaki ya sare yangu, na mimi mti sina, Shangazi, kwetu mti huchongewa aliyekufa. Nilijishika mikono, nikajishika shingo. Nilitoka nje nikamsalimia mwenye pikipiki nisiyemjua ili nione kama ataitikia.

Na nyumbani mama halii tena wala haulizi. Kila jioni anaweka rafuni sahani mbili ndogo za maharage yenye mafuta ya mawese, kisha anaita amenipa mgongo, "Akoko! Akouélé! Njooni mle." Na mimi nipo palepale mkekani na sahani yangu mkononi. Sijaitika hata siku moja, kwa sababu wanasema ukiitwa pamoja na mfu usiitike.

Jumamosi ni mkutano wa wananchi kuhusu ujenzi, na Mzee Folly alikuja kwetu akaniambia, "Binti, wewe umesomea lugha zote mbili, utatusomea tamko letu, Kifaransa kwanza, halafu Kimina chetu, na usimung'unye maneno." Sentensi ya kwanza ya tamko inasema pacha ametoka nyumbani kwa miguu yake. Nikiisoma nimedanganya kwa lugha mbili. Nikisema ukweli mtaa mzima utachekwa na nyumba zitabomolewa, na mama atajua nilimwacha alie huku najua. Na nikinyamaza, yule wa pili amesimama pale ananingoja. Nifanye nini?

Karatasi hii nimekuwa nikiificha chini ya daftari la Kifaransa kila anapopita mtu. Sasa nasikia ndara za mama zinakuja, nazijua, ya kushoto inaburuta. Zimefika mlangoni. Nilikuwa nimeshavuta daftari juu, nimelirudisha pembeni. Nimechoka kuficha, naiacha hapa wazi

Akouélé

*

Akouélé mwanangu,

Pole. Ipokee vizuri hiyo pole kwa sababu ni moja tu, sasa nakugombeza.

Aibu si kosa. Mimi mwenyewe nilikuwa najificha chini ya kitanda wageni wakija. Lakini ulikaa karibu na mwanamke anayejilaumu kwa nguo ya Pasaka ukaendelea kumenya vitunguu, na hapo aibu yako ulimtwika mama yako aibebe kichwani. Hilo halina jina zuri, na wewe unalijua, ndiyo maana umeniandikia.

Tuje kwa yule wa pili, anayekunyima usingizi. Umeogopa kwa sababu umefundishwa nusu. Ni kweli mti huchongewa pacha aliyekufa. Nusu ya pili waulize wazee wa mji wa Aného: pacha aliye hai akienda mbali, bwenini au ng'ambo ya bahari, naye huchongewa, ili mwenzake wa mti aliyebaki nyumbani asisimame peke yake. Mti ule si kaburi lako. Ni kiti cha aliye safarini. Sasa fikiri, nani anakuona uko safarini na huku mnakula mkeka mmoja? Kaki ile imekatwa kwa mkasi wa nani? Na siku ya kuivalisha meza marinda, kioo kiliinuliwa mbele ya nani? Umeniandikia yote hayo kwa mkono wako, mtoto uliyesoma lugha mbili, na hukuyasoma.

Mama yako alimkuta Akoko siku ya kupima meza, kioo kikiwa kimeinuliwa, na akajua. Akoko bado alikuwa ananuka kitenge ulichomchomeka, fundi hapotezi harufu ya kitambaa chake. Hakukugombeza. Alikuchongea, akakuweka ulipomwacha dadako, akarudi nyumbani kukungoja uwasili.

Utauliza Shangazi anajuaje. Barua yako ilinifikia haina gundi. Bahasha imeshonwa mdomo kwa uzi wa buluu, mishono midogo iliyonyooka kama mstari wa rula, na anwani yangu iko kwenye mwandiko ambao si wako. Ulipoiacha karatasi wazi, mtu aliisoma, akakaa kwenye cherehani, akaituma kwangu. Hajakwambia neno, sivyo? Mmefanana.

Sasa fanya hivi. Gazeti hili linatoka Alhamisi, kwa hiyo siku unazo lakini si za kuchezea. Mwambie mama yako kwa mdomo, yote, hata vitunguu, usimpe barua aisome mara ya pili. Kesho yake mwende wote wawili kwa Mzee Folly, na atafoka, mwache afoke, amezoea, akimaliza mwambieni ile sentensi ya kwanza ifutwe. Pacha aliyekuja mwenyewe ni kazi rahisi kwa kampuni: wataleta kasisi, wakishindwa wataleta mganga, watamwaga pombe chini na kupiga picha, halafu tingatinga litaingia. Lakini msichana anayesimama na kusema, "Nilimleta dada yangu kwa mikono yangu, nikatafuta nafasi yetu humu, sikuiona," huyo watamjibu nini? Soma hivyo. Kifaransa kwanza ili Bwana Amouzou asisingizie hakuelewa, halafu Kimina ili bibi anayeulizia kisima apate wa kumwitikia. Sauti ikikwama, mshike mama yako mkono, ngojeni, mkutano hautakimbia. Sikuahidi nyumba zitapona. Nakuahidi hutazililia ukiwa umenyamaza.

Mkimaliza, ombeni kioo kifunguliwe mbele ya watu wote, wachukueni wote wawili mkawarudishe nyumbani.

Kuhusu kugeuka na kuanguka sina jibu, na mshauri mwenye jibu la kila kitu mkimbie. Nilikwenda kuangalia mwenyewe. Wawili wale wanatazama mlango, bega kwa bega. Weupe waliolala chali sasa wameenea hadi chini ya mnara. Bwana Essozimna ameniapia kioo hakijaguswa tangu siku ya marinda, na wakati ananiapia alisimama mbali na meza. Sikukaa sana. Wewe pia usikae, na usiwahesabu.

Ila leo, kabla ya mengine yote, kuna jambo dogo. Jioni mama yako atapanga sahani mbili na kuita majina mawili, mgongo amekupa. Usingoje ageuke. Hayo ya kutoitika yasahau, uliambiwa na watu wasio na pacha. Itika, Akouélé, itika kwa sauti hadi Mama Kayi asikie. Anaita wawili kwa sababu anataka kusikia ni nani ambaye bado yumo nyumbani.

Shangazi yako,
Dédé