Waliokula Pilau Yako

Mama yangu mpendwa,

Wale uliowapikia pilau wako salama salimini, kama ungependa habari zao.

Unakumbuka mwaka ule wazazi wa zile nyumba zenye bustani walipotaka sisi watoto wa wahamiaji wa maghorofa ya mtaa wa Dixon tuhamishiwe shule nyingine? Walisema shule imejaa. Ajabu, ilikuwa imejaa upande wetu tu. Ulitoka kazini ukagonga mlango baada ya mlango, ukiwakusanya kina mama. Wengine walikwambia, "Hapa si kwetu, dada. Tusijitafutie balaa." Jibu lako lilikuwa moja: "Watoto wakitenganishwa sasa, watajuana lini?"

Halafu ukawaalika wale wa upande wa pili. Badala ya kuandaa hotuba, ukaosha mchele. "Mtu akishakula kwako hakugeuki," uliniambia, ukinisogezea vitunguu nimenye. Ukumbi wa chini wa jengo letu ulinukia bizari mpaka nje. Walikula, wakasifu, wakaongeza. Mama yake Emily, rafiki yangu niliyekaa naye darasani, alikuomba umfundishe kupika. Ulirudi juu ukiimba. "Tumeshinda, mwanangu."

Wiki iliyofuata, kwenye mkutano shuleni, wazazi waliulizwa nani anataka tuhamishwe. Mkono wa mama yake Emily ndio uliotangulia kunyooka. Hata macho yako hakuyakwepa. Hakuona kwamba amekusaliti. Kwake chakula kilikuwa chakula tu. Hilo liliniuma kuliko kura yenyewe.

Sisi tukapelekwa mbali kwa basi. Mimi na Emily tulipungiana mikono barabarani kwa muda, kisha tukaacha. Wewe uliendelea kumsalimia mama yake mpaka ugonjwa ulipokulaza, na mimi nikikuonea hasira.

Sasa nina binti. Nilimpeleka kumwandikisha pale pale, nikaambiwa jengo letu haliko kwenye eneo la shule. Mpaka ni ule ule waliotuwekea baada ya kura ile. Shule yenyewe anaiona kutoka dirishani.

Jana nimekutana na mama yake Emily dukani. Amenishika mkono, akaniomba nikapike pilau kwenye sherehe ya tamaduni shuleni. Mjukuu wake anasoma pale.

"Wangu amekataliwa pale," nikamwambia.

"Maskini! Sikujua."

Alijua, Mama. Nimeutoa mkono wangu mkononi mwake, nikaondoka bila kuaga.

Pumzika kwa amani. Kusamehe ulikuweza wewe. Mimi kumenishinda, wala sijuti.

Mwanao, kifungua mimba wako